Siku 112 za Nyota, na Bado Chenji ya Omena Imemshinda

Wasee wa Kisumu, na nyinyi wengine mnaosoma mkiwa kwa matatu, leo nataka tugombane kidogo.

Binamu yangu ako Gredi ya 6. Ana miaka kumi na miwili, tunakaa naye Nyalenda, na kwa simu ya mamake kuna gemu ya hesabu ambayo amecheza siku 112 bila kuruka hata moja. Mia moja na kumi na mbili! Mimi mwenyewe sijawahi kufanya kitu siku 112 mfululizo, labda kupumua. Ana nyota, ana mataji, ana kikaragosi kimevaa miwani kinachomwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni jiniasi. Nyumbani tuliamini. Anti alikuwa anawaonyesha majirani ile simu vile watu huonyesha ripoti fomu.

Halafu ikafika Jumapili moja, Kibuye. Anti anauza omena. Alitoka kidogo kutafuta mifuko, akamwachia kijana kibanda. Mama mmoja akaja. Gorogoro ni 350, anataka mbili na nusu, na kwa sababu ni mteja wa kila wiki anapunguziwa 50. Akatoa noti ya 1,000.

Hebu fanya kwa kichwa kabla uendelee kusoma.

Mbili na nusu mara 350 ni 875. Toa 50, inabaki 825. Chenji ni 175. Mtoto alisimama pale akimwangalia yule mama, ni kama anangoja majibu manne yatokee kwa paji la uso wake achague moja. Mwishowe akampa 275. Mama akapokea, akaenda zake. Simlaumu, labda hata yeye hakuhesabu.

Anti aliporudi na kupiga hesabu yake akauliza, "Nyathina, mia moja yangu imeenda wapi?" Kijana hakulia. Alisema kitu ambacho sijaweza kukisahau: "Kwa gemu huwa inaniambia nikikosa."

Kibuye haikuambii ukikosa. Kibuye inachukua mia yako na kunyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia hizi gemu za hesabu na za maneno ambazo tunawapakulia watoto, na nimefikia msimamo wangu. Nausema wazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika: gemu ya elimu ipimwe kwa kile mtoto anaweza kufanya simu ikizimwa. Nyota si kipimo, wala siku mfululizo si kipimo. Zima simu, mpe mtoto swali, uone. Na kwa kipimo hicho, nyingi ya zile nimeona si elimu. Ni pipi imefungwa kwa karatasi ya daftari.

Najua mshaanza. "Wewe unachukia gemu." "Umezeeka." Tulieni. Mimi ni mtoto wa gemu. Sekondari nilikuwa klabu ya Scrabble, na guka yangu alinifundisha ajua chini ya mti kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Ninazipenda, na ndiyo maana naudhika.

Wacha nianze na huku kubonyeza. Nilikaa na binamu yangu jioni moja nikamwangalia akicheza. Swali linatokea, na majibu manne chini yake. Anabonyeza la kwanza. Si hilo. Simu inatikisika, hakuna hasara yoyote. Anabonyeza la pili. Si hilo. La tatu, paaa! Nyota zinamwagika, muziki unalia, swali linalofuata. Swali lenyewe hakulisoma. Nilimuuliza, "Lilikuwa linauliza nini?" Akaniambia, "Sijui, lakini nimepata."

Sasa tufanye hesabu ambayo gemu ya hesabu haitaki ufanye. Majibu ni manne. Ukibahatisha bila kurudia lile umekosa, unaweza kupata kwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, na nafasi zote ziko sawa. Moja jumlisha mbili jumlisha tatu jumlisha nne ni kumi. Gawanya kwa nne. Mbili na nusu. Maana yake mtoto ambaye hajui kitu kabisa, hata kuku angefundishwa kudonoa kioo, anamaliza maswali kumi kwa kubonyeza kama mara ishirini na tano hivi, na anapata nyota zake. Siku 112 za hiyo kazi zinamfanya mtu hodari wa kubonyeza tu.

Na kuna kitu kibaya kuliko kupoteza muda. Ile sauti. Wale mnaonijua mnajua kilichonipata mwaka juzi. Nilikuwa na pesa ya kodi ya nyumba kwa simu, nikaiweka yote kwa ile gemu ya ndege, mnaijua, ile inapaa huku namba ikipanda na wewe unangoja utoke kabla ipotee. Usiku mmoja, elfu nne. Landlodi hakuambiwa ndege imepotea, aliambiwa mimi ni mgonjwa. Sasa nimekaa na mtoto wa miaka kumi na miwili, anacheza gemu "ya masomo", na nasikia sauti ileile ya sarafu zikimwagika. Rangi zilezile. Zawadi ileile inayokuja wakati hujui. Onyo lilelile kwamba usiporudi leo utapoteza ulichojenga. Na katikati ya maswali mawili ya kugawanya, sikudanganyi, tangazo la kubeti likatokea. Kwa gemu ya mtoto! Limewekwa pale kama kituo kinachofuata cha matatu.

Kenya yote inajua hili ni janga. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo sheria mpya ya kamari ikatiwa sahihi. Sawa. Lakini sheria haiwezi kukusaidia kama kidole cha mtoto kimefundishwa kwa miaka mitano kwamba ukikosa, bonyeza tena. Hisabati ya kweli inafundisha kinyume chake: ukikosa, simama, rudi nyuma, tafuta ulipopotea. Gemu ambayo haimwachi mtoto asimame imemnyima somo kubwa kuliko yote yaliyo kwenye silabasi.

Tuje kwa maneno, maana hapa ndipo roho yangu inauma zaidi.

Scrabble niliipenda, lakini hebu iangalieni ile mfuko. Vigae mia moja. K iko moja tu, na inalipwa alama 5 kama kitu adimu. J iko moja, alama 8. Z iko moja, alama 10, sawa na Q. Kwa Kiingereza hiyo ina maana, waliangalia maandishi yao wakahesabu herufi zao. Lakini wewe chukua huo mfuko uandike Kiswahili. "Kuku" inataka K mbili. Haiandikiki bila kutumia kigae kitupu. "Kaka" haiandikiki. "Zizi" haiandikiki. Kisumu ni jiji tangu 2001, na neno "jiji" lenyewe haliandikiki! Halafu umebaki umeshika Q na X mkononi, alama 18, huna pa kuzipeleka. Mchezo mzima unakuambia lugha yako ni makosa ya uchapaji.

Au ile Wordle tuliyoijua sote mwanzoni mwa 2022, wakati New York Times ilipoinunua kwa Josh Wardle aliyeitengeneza. Herufi tano, mara sita za kujaribu. Ni gemu safi, sina neno. Lakini watu wakitaka kuileta kwa Kiswahili wanabadilisha orodha ya maneno tu wanaacha kila kitu kama kilivyo. Matokeo ni nini? Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa vokali. Kwa hiyo kisanduku cha tano ni a, e, i, o au u, basi. Fumbo limekufa kabla halijaanza. Si kwamba Kiswahili ni chepesi. Ni kwamba wamelitafuta fumbo mahali ambapo Kiswahili hakikulificha.

Kiswahili kimelificha ndani ya neno. Angalia: funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Panga, pangua. Umeona mchezo? Kuna kipande kidogo kinageuza kitendo kirudi nyuma, na fumbo lenyewe limo humo: fumba, fumbua. Sasa muulize mtoto, choma ikigeuka inakuwa nini? Atasema "chomua". Hapana, ni chomoa. Mbona? Mpe komoa, ng'oa, chopoa, umwache atafute kwa nini hizi zina o. Hapo umempa fumbo la lugha ambalo Mwingereza hana. Mtoto atakaa nalo jioni nzima bila bando, bila nyota, na akilipata hatalisahau, maana kalivumbua mwenyewe.

Au mpe neno moja: "hatutawapikia". Muulize, humu ndani kuna watu wangapi? Nani anapika, nani hatakula, na itatokea lini? Sentensi nzima imekunjwa kwa neno moja, na mtoto aikunjue. Ni aljebra hiyo, jamani! Kila kipande kina mahali pake na kazi yake, ukibadilisha kimoja jibu lote linabadilika. Tuna hii mali, na tunawapakulia watoto wetu gemu za kuunganisha picha ya theluji na neno lake. Theluji, Nyalenda!

Na hesabu nazo? Kwa hizo gemu daima kuna mtoto ana biskuti kumi na mbili na marafiki watatu. Sawa, biskuti tunazijua. Lakini hapa ziwani hesabu zimelala kila mahali kama nyavu zilizoanikwa. Kuhesabu kwa Dholuo peke yake ni somo. Tano ni abich. Sita ni auchiel, yaani ile tano ikabebana na achiel, moja. Saba ni abiriyo, tano ikabebana na ariyo, mbili. Nyanyako akihesabu samaki anajumlisha ndani ya jina la namba. Mtoto anayejua hilo ameshaelewa kwamba namba zinaweza kujengwa kwa vifurushi vya tano, si lazima kumi. Walimu wa hisabati wanalifikia hilo kwa jasho.

Saa ya Kiswahili nayo. Simu inasema 8:00, sisi tunasema saa mbili. Simu inasema 19:30, sisi ni saa moja na nusu. Kila siku, kila mtu Kisumu anaruka masaa sita mbele au nyuma bila kufikiria. Hiyo ni gemu tayari. Nani ameitengeneza iwe gemu?

Na ajua. Wazee wako chini ya mti hapo, kokoto mkononi, na kila mmoja anaona mbele: nikichukua hizi, ya mwisho itaangukia wapi, na yeye atajibu nini? Pwani wana bao, mashimo 32 na kete 64, na bingwa wa bao anabeba hesabu kichwani ambazo zingekufanya wewe utafute kikokotoo. Hakuna anayewapa nyota. Ukikosa, unaliwa kete zako na wazee wanakucheka mpaka jioni. Hiyo inafundisha.

Sasa najua kuna mtu ameshika simu tayari kuniandikia: "Mtoto wa Kiafrika atacheza kokoto wakati wenzake wanasoma kwa teknolojia?" Nilikungoja hapo. Twende Tanga.

Kati ya 2017 na 2019, kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, watoto zaidi ya elfu mbili walipewa tabuleti, au vishikwambi kama wasoma habari wanavyoviita. Lilikuwa shindano la dunia la XPRIZE. Wengi wa wale watoto hawakuwa wamewahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Ndani ya tabuleti kulikuwa na gemu za herufi, maneno na namba. Kwa Kiswahili. Bila intaneti ya kununua, bila tangazo hata moja, na chaji ya sola kijijini. Baada ya miezi kumi na mitano, ile idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Na programu zao zikaachwa wazi, bure, mtu yeyote azichukue, azibadilishe, aziweke lugha anayotaka.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho.

Kwa hiyo usiniambie napinga teknolojia. Tanga imeonyesha kwamba gemu inaweza kumfundisha mtoto hata pasipo mwalimu karibu. Lakini angalia masharti: lugha anayoielewa, hakuna bando, hakuna matangazo, na kipimo kilikuwa kusoma kwenyewe, si nyota alizokusanya. Na si lazima iwe tabuleti. Dar es Salaam wapo Ubongo Kids, kipindi kilichoanza kurushwa 2014, wanafundisha hesabu kwa nyimbo na vikaragosi, kwa Kiswahili, kwa runinga ya kawaida. Hapa kwetu Eneza walipeleka masomo na maswali kwa SMS, Shupavu 291, kwa simu ya kabambe isiyo na hata rangi. Shule zilipofungwa Machi 2020, mtoto wa Dunga mwenye simu ya kubonyeza angeweza kujibu swali la hesabu huku jirani yake mwenye simu kubwa hana pesa ya bando. Nani alikuwa mbele kiteknolojia hapo?

Linganisha na mradi wetu mkubwa. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ikageuka tabuleti, zikaanza kusambazwa 2016, zaidi ya milioni moja zikafika shuleni nchi nzima. Shule moja ninayoijua, sitaitaja, zake zilikaa kabatini na kufuli mpaka betri zikavimba, kwa sababu mwalimu alikuwa anaogopa zikiibwa atalipa. Simlaumu mwalimu. Tulinunua vyombo tukasahau chakula. Swali halikuwa "mtoto atacheza nini, kwa lugha gani, na atajua nini akikizima?" Swali lilikuwa "ngapi zimefika?" Ni siku 112 mfululizo tena, ila safari hii ni za serikali.

Kuna hoja moja pinzani ambayo naiheshimu. Anti mwenyewe aliniambia: "Mtihani ni kwa Kiingereza. Nikimpa gemu ya Kiswahili si nitampoteza?" Na ni kweli, mwisho wa mwaka kijana atakaa KPSEA, na karatasi ya hesabu itakuwa kwa Kiingereza. Yeye si mjinga, anafikiria kama mfanyabiashara: weka mtaji kwa kitu kinachouzika.

Nilimjibu hivi. Anti, nusu ya 350 ni 175 kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Mtoto akielewa nusu ni nini, kumfundisha kwamba Waingereza wanaiita vipi ni kazi ya dakika moja. Lakini akijua jina tu bila kitu chenyewe, utamfundisha miaka na bado atatoa 275. Kiingereza ni mlango wa mtihani, sawa, na mimi sisemi tuufunge. Nasema mtu haingii mlangoni kabla hajajua kutembea. Hata hiyo chenji, ungemuuliza polepole kwa lugha mnayobargenia nayo hapa sokoni, angeipata. Na kweli tulimuuliza jioni ile, kwa maneno ya nyumbani, gorogoro mezani. Mbili kwanza. 700. Nusu ya 350? Akafikiria kimya. Kimya kirefu, hakuna mtu aliyemtikisia simu. "175." Jumla? "875." Akaimalizia mwenyewe mpaka mwisho, akashika kichwa: "Ai! Nilimwongezea soo!" Alikuwa anaijua muda wote. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kunyamaza.

Sasa nawageukia nyinyi, maana kulalamika ni rahisi na mimi nimelalamika vya kutosha.

Wewe mwenye mdogo nyumbani: leo jioni, usimpokonye simu. Kaa naye. Mwache acheze maswali matano, halafu zima kioo umuulize, "Nieleze lile la tatu." Akieleza, mwache na gemu yake, ni nzuri. Akisema "sijui lakini nimepata", ifute. Usiogope ile taji. Taji haina familia.

Wewe unayejua kutengeneza programu, na Kisumu mko wengi, nawaona LakeHub, nawaona Maseno, nawaona Polytechnic: wacheni kunitumia kiungo cha apu nyingine ya kuagiza chakula. Zile za Tanga ziko wazi mpaka leo. Nataka fumbo la maneno ambalo mfuko wake una K za kutosha kuandika kuku. Nataka gemu ya saa inayoruka masaa sita. Nataka ajua kwa simu inayomwuliza mtoto, "Kabla hujachukua, ya mwisho itaangukia wapi?" na inangoja. Inangoja! Gemu ngapi mnajua zinazojua kungoja? Iwe ya Kiswahili, iwe ya Dholuo, iwe ndogo ya kuingia simu ya bei ya chini, ifanye kazi bila bando, na isiwe na tangazo hata moja la kubeti. Mkikosa pesa ya kuikuza, njooni tuitafute pamoja. Nitaipigia kelele hapa bure.

Na wewe ambaye huna mdogo wala hujui kutengeneza chochote, ila unajua kuongea: tega kitendawili cha hesabu kwa boda, kwa foleni ya maji, kwa kibanda cha smokie. Wakubwa wetu walisema "Kitendawili!" na watoto wote wakajibu "Tega!" Hakuna aliyehitaji neno la siri la kuingilia. Ukishindwa unatoa mji, na hata kutoa mji kulikuwa na adabu yake: ulikubali mbele ya watu kwamba hujui, ndipo ukaambiwa. Siku hizi mtoto anajifunza kwamba kutojua ni kitu cha kuficha kwa kubonyeza haraka.

Siku ya 113 binamu yangu hakufungua ile gemu. Ilimtumia arifa tatu, ya mwisho kikaragosi kinalia machozi. Alinionyesha akiwa na wasiwasi kidogo. Nikamwambia kitanyamaza tu. Kilinyamaza baada ya wiki mbili hivi. Jumapili anasimama kibandani na mamake, na sasa mamake anamwacha atoe chenji, yeye akihesabu kwa midomo polepole na wateja wakingoja. Wengine wanalalamika anachelewesha. Anti anawaambia, "Ngojeni. Anafikiria."

Basi, kitendawili! Hiki ni chake, alikileta mwenyewe kutoka sokoni, na kimeshinda watu wazima watatu nyumbani kwetu, mimi nikiwa mmoja wao. Kuna muuzaji fulani, si anti yangu, amegonga gorogoro yake chini kwa nyundo ikabonyea ndani, mpaka inabeba pungufu ya moja ya kumi. Anauza omena kwa 360 akisema amekupunguzia. Ukilipa hiyo 360, gorogoro kamili umeinunua kwa shilingi ngapi?

Si 396. Nimewaambia mapema ndio msikimbie kubonyeza. Zimeni vikokotoo, nyamazeni kidogo, na atakayeshindwa atoe mji.